Kuujua Uislamu Katika Kazi ya Ulinzi

Hili ni somo fupi kwa askari na raia kuhusu imani na ibada za majirani zetu Waislamu. Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844, zama za Kabaka Suuna II, pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani, miongo mitatu na zaidi kabla ya wamisionari wa Kikristo. Si dini ngeni nchini Uganda. Katiba ya mwaka 1995 inakataza dini ya taifa na inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Kuulinda uhuru huo ni wajibu wetu, na ni vigumu kulinda jambo tusilolijua.

Muislamu huamini mambo sita: Mungu mmoja, malaika, vitabu vya Mungu, mitume ambao wa mwisho wao ni Muhammad, Siku ya Mwisho, na kadari. Ibada zake hujengwa juu ya nguzo tano.

Ya kwanza ni shahada, yaani kukiri kuwa hapana mola ila Mungu mmoja, na kwamba Muhammad ni mtume wake.

Ya pili ni swala tano za kila siku: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Anayeswali hazungumzi wala haitikii salamu. Askari akimkuta mtu katika swala, na hakuna hatari, asubiri. Ni dakika chache tu. Siku ya Ijumaa adhuhuri, barabara za kuelekea misikiti ya Kibuli na Old Kampala hujaa watu. Maafisa wa usalama barabarani wajipange mapema.

Ya tatu ni zaka: sehemu moja ya arobaini ya mali iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka, hupewa maskini na wengine wenye haki.

Ya nne ni saumu ya Ramadhani. Kwa kuwa ikweta inapita nchini mwetu, urefu wa mchana wa kufunga haubadiliki sana: ni takriban saa kumi na tatu na nusu. Mahabusu aliyefunga awekewe chakula chake hadi magharibi, na apate daku kabla ya alfajiri. Jambo hili halihitaji fedha za ziada, bali mpangilio.

Ya tano ni hija ya Makka, mara moja katika maisha kwa mwenye uwezo. Tunawashauri wanaotarajia kusafiri wamthibitishe wakala kwa viongozi wao kabla ya kulipa.

Yapo mambo mengine matatu yanayogusa kazi yetu moja kwa moja.

Kwanza, mazishi. Maiti huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na kuzikwa haraka, ikiwezekana siku ile ile. Kifo chenye utata hakina budi kuchunguzwa na daktari; sheria haina ubaguzi. Lakini mpelelezi aieleze familia sababu, amhimize daktari, na aukabidhi mwili mara kazi ikiisha. Familia iliyoachwa mlangoni mwa chumba cha maiti bila neno huondoka na uchungu juu ya msiba, na siku tutakapohitaji ushahidi wao, hawatafungua kinywa.

Pili, upekuzi. Sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa kuzingatia staha. Kumvua mtandio mbele ya wanaume ni kumvunjia heshima. Msikitini, viatu huvuliwa, na imamu ajulishwe pale hali inaporuhusu. Mbwa wa polisi asiingizwe isipokuwa kwa dharura, kwani mate yake huhesabiwa kuwa najisi.

Tatu, mavazi. Tangu milipuko ya Kampala ya Julai 2010, wapo wanaomtilia shaka kila avaaye kanzu. Tukumbuke kwamba Mganda Mkristo naye huvaa kanzu siku ya kwenda kujitambulisha ukweni. Vazi halithibitishi hata dini ya mtu, seuze uhalifu. Tuchunguze matendo.

Nanyi, ndugu zetu Waislamu, askari akikosea katika haya, mwambieni kwa upole au fikeni kwa mkuu wa kituo. Nasi maafisa, tumfahamu imamu wa eneo letu kabla ya siku ya tatizo. Usalama hujengwa na watu wanaojuana.