“Myself” na wenzake: -ji- inakusaidia wapi, inakuponza wapi

Mzungumzaji wa Kiswahili analianza somo hili akiwa na mtaji. Kazi mbili ambazo Kiingereza kimelitwika neno moja, sisi tumezigawa: -ji- ndani ya kitenzi, na “mwenyewe” kando ya jina.

1. Jiulize kwanza: ni -ji- au ni “mwenyewe”? “Asha cut herself” ni Asha alijikata. “Asha herself cut the cake” ni Asha mwenyewe alikata keki. Ukibabaika, lifute hilo “herself”. Sentensi ya kwanza inabaki inaning’inia: alikata nini? Ya pili inasimama vilevile, imepungua mkazo tu.

2. Kariri nane hizi: myself, yourself, himself, herself, itself, ourselves, yourselves, themselves. “Hisself” na “theirselves” utayasikia kwenye lahaja, ila usiyaandike kwenye mtihani. Na angalia: “you” haitenganishi wewe na ninyi, lakini hapa tofauti inajitokeza. Mgeni mmoja anaambiwa “Help yourself”, ajipakulie; wakiwa wengi, “Help yourselves”.

3. Usivushe kila -ji- kwenda Kiingereza. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu -ji- nyingine zimeshaganda ndani ya kitenzi. Kujifunza ni “learn”, kujiunga ni “join”, kujisikia vibaya ni “feel unwell”. Hakuna “myself” hata moja. “I learned myself English” ni kosa, ilhali “I taught myself English” ni sahihi kabisa: nilijifundisha bila mwalimu. Kujiandaa kwa mtihani, “prepare” peke yake inatosha.

Kisha geuza upande wa pili. “We enjoyed ourselves at the wedding”: tulifurahi harusini. “Behave yourself”: kuwa na adabu. Kwetu -ji- haipo, kwao neno ni la lazima au la kawaida. Ukisema “We enjoyed” ukaishia hapo, msikilizaji anangoja umalizie: mlifurahia nini?

4. Tenganisha -ji- na -ana. Walijilaumu ni “They blamed themselves”. Walilaumiana ni “They blamed each other”. Sikio lako la Kiswahili haliwezi kukosea hapa, kwa hiyo liamini.

5. “Myself” si “me” iliyovaa suti. Barua za ofisini zimejaa “Please contact Mr Juma or myself”. Mtoe Mr Juma uone kinachobaki: “Please contact myself”. Haisemeki. Andika “Mr Juma or me”. Vivyo hivyo “Mr Juma and myself will attend” inakuwa “Mr Juma and I”. Hata waliozaliwa na Kiingereza huandika hivyo wakidhani ndiyo heshima, lakini mhariri makini atakukatia. “Me” haina utovu wowote wa adabu.

6. “By myself” ina maana mbili: peke yangu, au bila kusaidiwa. “She lives by herself” ni ya kwanza. “She fixed the radio by herself” kwa kawaida ni ya pili.

7. Kitu kikiwa kando ya mtu, au akiwa nacho, kiwakilishi cha kawaida kinatosha: “She put the bag beside her”, “He took an umbrella with him”.