Kuku Huria Ana Uhuru Gani? Somo Fupi kwa Wanachuo Wanaotaka Kufuga Kuku wa Mayai

Wanachuo wenzangu, ukikaa kantini dakika kumi tu utasikia mtu anapanga kufuga kuku. Ajira za ualimu zinasubiriwa kwa muda mrefu, bumu likitoka linaisha, na mayai ya kienyeji yana bei nzuri kuliko ya kuku wa kisasa. Hesabu inaandikwa nyuma ya daftari: kuku mia mbili, trei kadhaa kwa siku, faida hii hapa. Na kwa kuwa mteja anapenda kusikia neno "huria", basi mradi unaitwa kuku huria.

Swali langu ni moja. Huyo kuku yuko huria kutokana na nini, na yuko huria kufanya nini? Tusipojibu tutakuwa tunauza jina.

Neno hili limetoka wapi

Kuku wa bibi zetu wamekuwa nje siku zote, hawakuhitaji jina. Neno likawa jambo kubwa baada ya nchi za viwanda kuwafungia kuku wa mayai kwenye vizimba vya waya. Uingereza, mwaka 1964, Ruth Harrison alitoa kitabu chake Animal Machines kuhusu mifugo inayotendewa kama mashine. Serikali ikaunda kamati, na taarifa ya kamati hiyo ya mwaka 1965 ndiyo chimbuko la kile kinachofundishwa leo kama uhuru wa aina tano wa mnyama: asipate njaa na kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiumie wala kuugua bila kutibiwa, aweze kufanya mambo ya asili yake, na asiishi kwa hofu.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya kawaida kuanzia Januari 2012. Kabla ya hapo sheria yao ilidai sentimita za mraba 550 kwa kila kuku. Chukua karatasi ya A4 uliyochapia "assignment" yako: ina zaidi ya sentimita za mraba 620. Kuku mzima alikuwa anaishi kwenye eneo dogo kuliko karatasi hiyo.

Na sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Kuku anahitaji nini hasa?

Wahenga walisema mtoto wa kuku hafunzwi kuchakura. Ukiutazama kwa jicho la mwalimu, msemo huo ni somo la saikolojia. Kuchakura, kuoga vumbi, kutafuta mahali pa siri pa kutagia na kupanda juu wakati wa kulala ni tabia alizozaliwa nazo. Umpe chakula kinachotosha, bado atachakura. Ukimnyima nafasi hiyo, nguvu zake zinahamia kwa jirani: anaanza kudonoa manyoya ya mwenzake, damu ikitoka wengine wanajiunga, na asubuhi unaokota mizoga.

Kuku ametokana na ndege wa msituni Asia, na hofu ya mwewe bado iko ndani yake. Ndiyo maana ukimfungulia uwanja mtupu hatoki. Kwenye mashamba makubwa ya Ulaya yanayoitwa huria, imeonekana kuku wengi wanabaki karibu na mlango huku eneo kubwa likikaa bila mtu. Mlango uko wazi, ila kuku hawatumii uhuru huo kwa sababu nje hakuna pa kujificha. Dawa yake ni kivuli: migomba, miembe, mibuni, vichaka. Kule kwetu upande wa Mbinga na Nyasa vitu hivi viko tayari, hatuhitaji kuvinunua.

Tupige hesabu

Sheria ya Ulaya inataka kuku huria wasizidi 2,500 kwa hekta, yaani mita za mraba 4 kwa kila kuku nje. Kuku wako 200 wanahitaji mita za mraba 800, kwa mfano mita 40 kwa 20. Kiota kimoja kwa kuku saba: utahitaji viota 29. Fito za kulalia, sentimita 15 kwa kila kuku: jumla mita 30. Bandani wanaruhusu kuku tisa kwa mita ya mraba, lakini kwa joto la mwambao wa Ziwa Nyasa mimi nisingefika hapo, watano wanatosha.

Chakula: kuku anayetaga anakula takriban gramu 120 kwa siku. Mara 200 ni kilo 24 kila siku. Maji ni kama robo lita kwa kuku, lita 50, na zaidi jua likiwa kali. Sasa rudi kwenye lile daftari. Je, uliandika nani atachota ndoo hizo siku una mtihani?

Kuwa nje peke yake hakutoshi

Nimekulia Liparamba, kuelekea mpaka wa Msumbiji, na nimeona kuku walio huria kuliko wote. Wanatembea watakako, wanalala juu ya mti au jikoni. Halafu kinapita kideri. Kuku wanasinzia, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, na ndani ya wiki ua uliokuwa na kelele unakuwa kimya. Kwenye kundi lisilochanjwa kideri kinaweza kuua karibu wote. Bibi yangu alikuwa anasema "upepo umepita", na kwa mama anayetegemea kuuza kuku apate ada ya mtoto, upepo huo ni msiba wa nyumba.

Kumbe kinga ipo. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa nchini, inavumilia joto kuliko chanjo nyingine za kideri, na ni tone moja tu kwenye jicho la kuku, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo kumwacha kuku bila chanjo, bila banda la usiku, vicheche wakimfuata, halafu ukasema yuko huria, hapo umemtelekeza. Uhuru mmoja kati ya ile mitano umempa, mitatu umemnyima.

Udongo nao una mambo yake. Kuku wakikanyaga mahali pamoja miezi mfululizo, minyoo na vimelea vya kuhara damu vinajaa. Gawa eneo lako sehemu tatu au nne, wahamishe kwa zamu, majani yaote tena.

Kuna pia mzigo wa mayai yenyewe. Kuku wa kisasa wa mayai anafikisha zaidi ya mayai 300 kwa mwaka, na kila ganda linachukua takriban gramu mbili za kalisi. Isipokuwemo kwenye chakula, inatoka kwenye mifupa yake. Mfupa wa kidari unavunjika akiruka kutoka kwenye fito, na ukimtazama kwa mbali hutajua. Mpe chokaa ya mifugo au maganda ya mayai yaliyosagwa, fito zisiwe juu sana. Usipa wa ziwani utasaidia kwenye protini.

Mwisho, vifaranga madume. Wa aina ya mayai hawatagi wala hawanenepi haraka, hivyo viwanda vingi duniani huwaua siku wanapoanguliwa. Ujerumani ilikataza jambo hilo kuanzia 2022. Kuku wa kienyeji na chotara wana nafuu hapa, kwa sababu jogoo wake anafugwa na kuuzwa kwa nyama.

Mteja naye ajifunze

Wengi tunapima uhuru wa kuku kwa kiini cha njano. Rangi hiyo inatoka kwenye chakula: majani mabichi na mahindi ya njano. Kuku aliyefungiwa akipewa mchicha, kiini chake kitakuwa cha njano vilevile. Ukitaka kujua ukweli, nenda bandani. Tazama manyoya ya mgongoni kama yamenyofolewa, nusa kama kuna harufu kali ya mkojo, angalia kama kuku wanachakura. Na tazama wanavyosafirishwa: kuku aliyelelewa vizuri mwaka mzima halafu akafungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye bodaboda hadi Mbinga mjini, siku yake ya mwisho haikuwa na ustawi wowote.

Kwa nini hili linatuhusu sisi wa ualimu

Tangu Mwalimu Nyerere atoe Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule zetu zimekuwa na miradi, na mara nyingi ni kuku. Ukiripoti kituo chako kipya kuna uwezekano mkubwa ukabidhiwe banda, kwa sababu wewe ndiye mgeni. Watoto watajifunza Baiolojia na Hisabati humo, na watajifunza pia jinsi mtu mzima anavyomtendea kiumbe asiyeweza kulalamika.

Maswali ya kujadili

1. Katika uhuru wa aina tano, ni upi unaogharimu fedha nyingi zaidi, na ni upi haugharimu chochote?
2. Una eneo la mita 20 kwa 20. Utafuga kuku huria wangapi bila kuwadanganya wateja?
3. Kuku wa kijijini kwenu wamechanjwa kideri mara ya mwisho lini? Piga simu nyumbani uulize, kisha mtafute afisa mifugo wa kata.