Mama mwenye VVU na kunyonyesha

Wapo akina mama wenye VVU wanaomwachisha mtoto ziwa kwa hofu, na wapo wanaoruka dozi ili mama mkwe asigundue. Hili la pili ndilo la hatari zaidi.

Mwaka 1999 utafiti wa Kampala, Uganda, ulionyesha kuwa kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama mwenye uchungu, pamoja na dozi moja kwa mtoto, kilipunguza maambukizi kwa karibu nusu. Leo mama humeza dawa za kufubaza virusi kila siku, maishani, na mtoto hupewa dawa ya maji tangu kuzaliwa. Bila kinga, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa. Kwa kinga hubaki chini ya 5.

Kwa hiyo nyonyesha, maziwa peke yake miezi sita. Bibi akileta uji mapema, mkatalie kwa adabu. Kisha endelea pamoja na vyakula. Hata ile miaka miwili iliyotajwa katika Suratul Baqara inawezekana, maadamu huachi dawa.

Mtoto akifikisha wiki sita apelekwe kliniki kupimwa, na baba afuatane nao.