Viazi Vitamu vya Shira

Ndugu wanafunzi wenzangu, nanyi wakubwa wetu mliokwisha kutoka shuleni hapa,

Najua baadhi yenu mtacheka mkiona kwamba mvulana wa kidato cha sita, mwenye umri wa miaka 19, ameomba nafasi katika gazeti letu ili aandike habari za sufuria. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho. Jambo nililojifunza jikoni mwa mama yangu katika likizo ya Krismasi sikulipata katika vitabu, ijapokuwa baadaye niligundua ya kuwa vitabu vyangu vya kemia vilikuwa vimelieleza siku nyingi, ila mimi sikuwa na macho ya kuliona.

Kwetu ni Teso, mashariki ya Uganda, si mbali na mji wa Soroti. Huko viazi vitamu si kitu kigeni. Twavila vibichi vikichemshwa, twavikata vipande na kuvianika juani vikaitwa amukeke, twaviponda na kuvianika vikaitwa inginyo, navyo hutulisha wakati wa kiangazi. Lakini viazi vya shira nilikuwa sijaviona. Shira ni maji ya sukari yaliyopikwa hata yakawa mazito kama asali. Siku moja, katika sikukuu ya shule, mpishi wetu alitupikia karoti zilizovikwa shira, zikang'aa kama zimepakwa mafuta, tukazila kando ya nyama. Nilimfuata jikoni nikamwuliza amefanyaje. Alikuwa na haraka, akanijibu kwa neno moja: sukari, samli, maji ya machungwa. Nikashukuru nikaenda zangu. Nilisikia vitu, sikusikia mpango wake.

Basi nilipofika nyumbani nilimkuta Mama mkono wake wa kuume umefungwa plasta. Alikuwa ameteleza njiani akitoka kuteka maji, mfupa ukavunjika, na daktari alimwambia asiutumie kwa majuma sita. Nyumbani palikuwa na Baba, Bibi ambaye nguvu zimempungua, na dada yangu mdogo wa miaka 8. Baba zangu wadogo wawili walikuwa waje na jamaa zao kula Krismasi kwetu. Nikasema, "Mimi nitapika." Baba alinitazama kitambo, asiseme neno.

Siku tatu kabla ya sikukuu nilitaka kujaribu viazi vya shira. Nilikata viazi, nikavitia sufuriani pamoja na sukari yote niliyoiona kabatini, yaani robo kilo, nikakamulia machungwa, nikatia samli na maji kidogo, kisha nikachochea moto mkubwa. Baada ya muda maji yalikauka. Nikaona povu, nikaona rangi ya dhahabu, nikafurahi. Nilipokwenda kuchukua sahani na kurudi, dhahabu ilikuwa imekuwa makaa. Chini mlikuwa mweusi na mchungu, na juu viazi vilikuwa vigumu kama mawe. Dada yangu aliuma kimoja akakitema.

Baba aliporudi alisikia harufu tangu uani. Ile sukari alikuwa ameinunua kwa ajili ya chai ya wageni. Hakunipiga wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Kesho nitaomba binti wa jirani aje apike. Wewe, mwanangu, rudi kwenye vitabu vyako." Maneno hayo yaliniuma, lakini kilichoniuma zaidi nilikiona usiku ule: Mama, akidhani tumelala, alikuwa akijaribu kuisugua ile sufuria iliyoungua kwa mkono wa kushoto, ameibana kwa magoti. Nikamnyang'anya, nikaisugua mwenyewe kwa majivu mpaka ikatakata. Asubuhi nilimwomba Baba anipe siku moja zaidi, na sukari nikainunua kwa fedha zangu za nauli ndogo ndogo. Akakubali.

Bibi ndiye aliyekuwa mwalimu wangu siku hiyo. Yeye hajapata kupika viazi vya shira maishani mwake, lakini anaujua moto. Aliniuliza, "Ulipotia sukari, viazi vilikuwa vimeiva?"

"La, Bibi."

"Basi ulikuwa ukipika viazi au ukipika sukari?"

Swali hilo ndilo ufunguo wa mambo yote. Mle sufuriani mna kazi mbili, nazo haziwezi kufanywa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni kuivisha kiazi. Kazi ya pili ni kupika shira. Na sasa nitawaeleza sababu zake, ili mtu asifuate kama kasuku.

Kwanza, sukari nyingi na asidi ya machungwa huzuia kiazi kulainika. Kuta za chembe za mboga hushikamana kwa kitu kama gundi. Katika maji ya moto matupu gundi hiyo huyeyuka upesi. Katika maji yenye ukali wa machungwa hukaza na kukawia. Ndiyo sababu viazi vyangu vilikuwa vigumu hata baada ya kuungua.

Pili, maji ndiyo mlinzi wa sufuria. Kwetu Teso, kwa kuwa nchi imeinuka kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, maji huchemka kwenye joto la nyuzi 96 hivi. Maadamu maji yamo, chakula hakipandi sana juu ya hapo, hata uchochee namna gani. Lakini maji yakiisha, mlinzi ameondoka. Joto hupanda mbio, na sukari ikifika karibu na nyuzi 160 huanza kugeuka rangi, kisha huwa chungu, kisha huwa makaa. Kutoka dhahabu mpaka makaa si mwendo mrefu. Ni muda wa kufuata sahani.

Tatu, nalo ndilo lililonistaajabisha kuliko yote, kiazi kitamu kina utamu wa kutosha ndani yake kama ukimpa nafasi ya kuutoa. Ndani ya kiazi mna wanga mwingi, na mna vimeng'enya viwezavyo kuugeuza wanga ule kuwa sukari iitwayo maltosi. Kazi hiyo hufanyika hasa joto la kiazi linapopita kati ya nyuzi 60 na 75 hivi. Ukikitupa kiazi katika moto mkali, hupita hapo upesi na vimeng'enya hufa kabla ya kumaliza kazi. Ukikianzisha katika maji baridi juu ya moto mdogo, huwa kitamu zaidi, na sukari ya dukani huhitajika kidogo tu. Mimi nilitia robo kilo. Bibi alinitilia vijiko vitatu, na vilitosha. Wazee walisema kweli: mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Sasa habari ya kiazi chenyewe. Chagueni kile chenye nyama ya rangi ya machungwa. Rangi hiyo ni ya karotini, ile ile iliyomo katika karoti, nayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akiikosa sana vitamini hiyo huweza kushindwa kuona magharibi jua likishatua. Hapa Uganda mbegu mbili za viazi hivi, Kabode na Vita, zilitolewa kwa wakulima mwaka 2007, na mwananchi wetu Robert Mwanga alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, wengine wakiwa Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Mara nyingi wazee wetu hulalamika kwamba viazi vya rangi hiyo vina majimaji, havina unga kama vile vyeupe. Bibi naye hulalamika hivyo. Lakini kwa shira ulaini huo ni faida, maana kiazi hunywa shira vizuri, ila yapasa kukikata vipande vinene visije vikavunjika. Tena karotini huingia mwilini vizuri zaidi pamoja na mafuta. Kwa hiyo samli si anasa hapa, ina kazi yake.

Vitu vinavyotakiwa kwa watu sita ni hivi: viazi vitamu kilo 1, samli vijiko vikubwa 2, sukari vijiko vikubwa 3, au asali kiasi hicho hicho, machungwa 2, chumvi nusu kijiko cha chai, na kipande kidogo cha tangawizi ukipenda. Machungwa kwetu Teso hayana shida. Wakati wa msimu huuzwa kwa magunia kando ya barabara. Sufuria na iwe pana, ili vipande vilale safu moja visipandane.

Mpango wake ni huu:

1. Menya viazi, vioshe, uvikate vipande vya mviringo vyenye unene wa vidole viwili. Vyote viwe sawa, ama sivyo vidogo vitavunjika huku vikubwa bado vibichi.

2. Vipange sufuriani. Tia maji baridi yafike nusu ya kimo cha viazi, yasivifunike. Tia chumvi, tangawizi na samli. Usitie sukari.

3. Funika, weka juu ya moto mdogo. Kama wapika kwa kuni, vuta kuni nje, ubakize makaa. Acha mpaka ncha ya kisu iingie bila kulazimishwa lakini kipande kisikatike. Huchukua karibu dakika 20 tangu mwanzo.

4. Funua. Sasa tia sukari na maji ya machungwa, kisha ongeza moto. Toka hapa usiondoke hata ukiitwa.

5. Usikoroge kwa mwiko, maana utapata uji. Shika sufuria kwa kitambaa uitikise polepole, na kwa kijiko uteke shira uvimwagie viazi juu. Vigeuze mara moja tu.

6. Sikiliza. Mwanzo maji huchemka kwa sauti nyepesi na mapovu madogo. Yanapokaribia kwisha, mapovu huwa makubwa na mazito, na sauti hushuka. Hapo chovya kijiko. Shira ikikishika mgongo na kuteleza polepole, epua mara moja. Moto wa sufuria utamalizia kazi iliyobaki. Ikiwa umechelewa kidogo na shira imekaza, tia vijiko viwili vya maji, itarudi.

Hayo ndiyo yote. Ukitaka kupika karoti, fuata njia hiyo hiyo, ila uzikate nyembamba zaidi, maana hukawia kuiva, na kwa kuwa karoti haina wanga wa kugeuzwa kama kiazi, moto mdogo wa mwanzo hautaiongezea utamu kwa njia hiyo. Tena kumbukeni hiki si chakula cha kushibia peke yake. Ni cha kuwekwa kando ya maharagwe, kuku au nyama, kidogo kidogo, ili utamu wake ukutane na chumvi ya kitoweo.

Siku ya Krismasi nilipika kuku wawili, atapi, yaani ugali wetu wa wimbi, na viazi vya shira. Baba zangu wadogo walipoingia walimwuliza Mama nani amempikia na mkono umo katika plasta. Mama akanionyesha kwa kidevu. Mmoja akacheka akasema, "Kumbe kidato cha sita husomea upishi!" Wote wakacheka, nami nikainamisha kichwa. Kisha wakaanza kula, na kicheko kikaisha. Vile viazi vilikuwa vinang'aa katika bakuli, kila kipande kimesimama peke yake. Mama alikuwa akila kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, polepole, na sikumwona akiinuka hata mara moja kuangalia moto. Nadhani ilikuwa Krismasi yake ya kwanza, tangu aolewe, kula chakula kikiwa cha moto.

Baba hakusema kitu mezani. Alipomaliza alisukuma sahani yake kwangu akasema, "Vimebaki?" Vilikuwa vimebaki vipande viwili. Nikampa.

Mkono wa Mama umepona sasa. Nilipokuwa nikifunga sanduku nirudi shule, aliniambia, "Ukirudi likizo ijayo, Jumapili ni yako." Nami nimekubali.

Ndugu zangu, wengi wetu hapa twajua kueleza kwa kalamu namna maji yanavyogeuka mvuke, nasi twapata alama nzuri. Lakini tukienda nyumbani twakaa kivulini kungojea sahani, huku mtu mmoja akikaa katika moshi peke yake. Nanyi wakubwa wetu mnaokaa mijini katika vyumba vya kupanga, mkila mkate na chai asubuhi na jioni, jiko la makaa na viazi kilo moja havihitaji mshahara mkubwa. Jaribuni. Mkiunguza mara ya kwanza, msifiche sufuria. Isugueni wenyewe, kisha anzeni tena, viazi kwanza, sukari baadaye.

Mimi mwenzenu wa kidato cha sita.