SAA ZA SAFARI: KUTOKA NAIROBI MPAKA NEW YORK

Tuseme kwamba katika mwezi wa Januari mzazi amemsindikiza mwanawe uwanjani Nairobi, naye kijana aenda New York kusoma. Tikiti yaonyesha kuwa eropleni itaondoka saa tano ya usiku na kufika saa kumi na mbili ya asubuhi. Mzazi ahesabu kwa vidole: saa saba. Kunapokucha aketi kungoja habari. Saa kumi na mbili yapita, saa nne yapita, na simu haijalia. Hofu yamwingia. Je, eropleni imeanguka? La, iko salama njiani. Kosa ni la hesabu.

Kwanza, yafaa kuufahamu umbali. Kati ya miji hiyo miwili pana maili 7,350 hivi, yaani zaidi ya kilomita 11,800. Safari ya kwenda moja kwa moja bila kutua ilianzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba, 2018. Safari hiyo huchukua kadiri ya saa 15, maana eropleni husafiri karibu kilomita 790 kwa kila saa.

Pili, jua halichomozi kila mahali kwa wakati mmoja. Dunia huzunguka nyuzi 360 katika saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja. Nairobi iko nyuzi 37 mashariki, na New York nyuzi 74 magharibi. Jumla ni nyuzi 111. Gawanya kwa 15, utapata saa saba na kitu. Kwa hiyo saa za New York huwa nyuma ya zetu kwa saa nane wakati wa baridi, na saa saba wakati wa joto, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mbele.

Basi yule mzazi alipaswa kuongeza saa nane juu ya zile saba, apate 15. Mwanawe atatua saa kumi na mbili ya asubuhi huko, wakati hapa Nairobi ni saa nane ya mchana.

Wakati wa kurudi, hesabu hugeuka. Eropleni ikiondoka New York saa saba ya mchana na kufika Nairobi saa tano ya asubuhi ya pili yake, saa ya ukutani yaonyesha saa 22. Ondoa nane, zabaki 14. Safari hii ni fupi zaidi, kwa sababu pepo za juu sana upande wa kaskazini huvuma kutoka magharibi, zikiisukuma eropleni kwa nyuma.

Kanuni ni hii: ukienda magharibi, ongeza, ukienda mashariki, ondoa. Aishikaye hatasumbuka bure.