HERODE AMEKUFA, LAKINI ARKELAO ANATAWALA

Masomo: Mathayo 2:13–23, 1 Samweli 8:10–18, Marko 10:42–45



Sisi tuliokimbia nchi zetu tunaipenda sana Mathayo sura ya 2, kwa kuwa Mwokozi wetu naye alibebwa usiku akavushwa mpaka. Lakini mara nyingi tunaacha kusoma kabla ya mstari wa 22. Herode alipokufa, Yusufu alifunga mizigo akarudi kama malaika alivyomwagiza. Kisha akasikia kwamba Arkelao, mwana wa Herode, ameketi mahali pa baba yake, akaogopa kwenda Uyahudi. Mungu hakumkemea kwa hofu hiyo. Alimwonya katika ndoto, na familia ikaenda Galilaya. Kwa hiyo usimwite mwenzako mtu wa imani haba eti anauliza habari za nyumbani mara tatu kabla ya kurudi.

Yusufu aliona jambo ambalo umati hauoni upesi: mtu ameondoka, kiti ni kile kile.

Hapa Kampala, tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alimpindua Obote, na watu wakajaa barabarani wakishangilia. Waganda wengi walikuwa na sababu. Mwaka 1966 jeshi la Obote lilishambulia jumba la Kabaka Mutesa II pale Mengo, naye akakimbilia Uingereza, akafa huko mwaka 1969. Lakini aliyeongoza shambulio lile ni Amin mwenyewe! Julai 1976, bibi mzee Dora Bloch alikuwa amelazwa hapa Mulago. Alikuwa abiria wa ndege iliyotekwa na kuletwa Entebbe. Wenzake wengi walipookolewa na askari wa Israeli, watu wa Amin walimtoa hospitalini wakamuua.

Nasi tuliotoka Kongo tunakumbuka Mei 1997, Mobutu alipoanguka baada ya miaka zaidi ya 31. Watu walishangilia. Agosti 1998 vita vingine vikaanza.

Sasa msikilizeni Samweli. Neno lake kubwa ni moja: kutwaa. Mfalme atatwaa vijana wawe askari wake, binti wawe wapishi wake, mashamba, mizabibu, watumishi, punda. Hakusema mfalme mwovu, alisema mfalme. (Mzazi ambaye mwanawe alichukuliwa na watu wenye bunduki hahitaji mhubiri wa kumfafanulia hapo.) Hata Daudi, chaguo la Mungu mwenyewe, alituma watu wakamtwaa mke wa Uria. Na Sulemani, pamoja na hekima yake yote, aliacha watu wakilia kwa uzito wa kongwa (1 Wafalme 12:4).

Yesu aliposhibisha watu mikate, walitaka kumfanya mfalme kwa nguvu, naye akajitenga mlimani (Yohana 6:15). Hakukataa kuwa mfalme. Alikataa kiti cha Herode. Yeye hatwai mtoto wa mtu ili alinde enzi yake; alijitoa mwenyewe, na huyo ndiye tunayemngoja arudi.

Je, basi tukae kimya? Askofu Mkuu Janani Luwum hakukaa kimya. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua juu ya uonevu na mauaji, na tarehe 16 mwezi huo akauawa. Alimheshimu mtawala kiasi cha kumwambia kweli, lakini hakumfanya kuwa Mungu. Paulo ametuagiza kuwaombea wenye mamlaka (1 Timotheo 2:1–2). Tuwaombee, pamoja na yule aliyetufukuza. Lakini tusimpe mtu yeyote nafasi ya Masihi, hata akiwa wa kabila letu.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni mtawala gani ambaye, akitajwa mezani, sala yenu inageuka kuwa ugomvi?

2. Watoto wenu wakiuliza, "Baba, tutarudi lini?", huwa mnawajibu kwa jina la nani?

3. Katika kanisa letu, nani anatwaa, na nani anatoa?