Kabla ya Kuchemsha Majani ya Kisukari

Mgonjwa wa kisukari hakosi jirani wa kumwelekeza achemshe majani: ya mlonge, ya mwarobaini, ya mpera. Ushauri huo si wa kubezwa. Metformini, kidonge ambacho wengi wenye kisukari aina ya pili huanzishiwa, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Mmea huo una galegini, kemikali inayoshusha sukari. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa miaka ya 1920 ilibainika kuwa na sumu. Metformini, ya jamii hiyohiyo lakini salama zaidi, ilitengenezwa Dublin mwaka 1922, na ni mwaka 1957 tu ambapo daktari Mfaransa Jean Sterne alitangaza matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa.

Majani yaliyomo sufuriani mwako hayajapita njia hiyo. Tafiti zake nyingi zimefanywa kwa panya. Zilizohusisha binadamu ni chache na ndogo. Nguvu ya majani pia hubadilika kulingana na udongo, msimu na namna ya kukausha, kwa hiyo kikombe cha leo si sawa na cha jana.

Hatari ninayoiogopa zaidi huja pale majani yanapofanya kazi kweli. Ukiyanywa huku unatumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, sukari inaweza kushuka chini ya 4 mmol/L. Utatetemeka, utatoka jasho, moyo utaenda mbio, utachanganyikiwa. Kunywa upesi maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Kama umeshaanza kunywa, mwambie daktari, hata ukihofia kugombezwa. Mtajie mmea, kiasi na vipimo vyako vya asubuhi kabla ya kula. Mjamzito na mwenye tatizo la figo wasianze kabisa bila ushauri wa daktari. Mlonge unaopikwa kama mboga ni chakula, endelea nao.

Unga wa dawa ya asili unaouzwa kwa pakiti nao uulizie. Baadhi ya dawa za "asili" zimewahi kukutwa zimechanganywa kimyakimya na vidonge vya hospitali. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao, hivyo omba kuonyeshwa usajili.

Na mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza asiachishwe insulini kwa ajili ya jani lolote. Mwili wake hauitengenezi, na siku chache bila hiyo zinatosha kumuua.